Kurudishiwa Kodi ya Manunuzi Ughaibuni na Kulipa Ushuru Unaporudi: Mwongozo Kamili kwa Mtalii

Watalii wengi huanza kuwaza marejesho ya kodi wakiwa tayari uwanja wa ndege, na rundo la risiti mkononi na saa moja na nusu kabla ya kuruka. Kufikia hapo mambo mengi yameshaamuliwa. Kama dukani hukuomba fomu ya marejesho, risiti pekee haikusaidii. Kama begi lenye bidhaa limeshachukuliwa kaunta ya shirika la ndege, hakuna cha kumwonyesha ofisa wa forodha. Na hata aliyefanya kila kitu sawasawa mara nyingi husahau upande wa pili wa hesabu, yaani forodha ya nchi anayorudi.

Pande hizi mbili hazitenganishwi. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo wengi tunaiita VAT, hutozwa pale bidhaa inapotumika. Nchi uliyonunulia inakuachia kodi yake kwa sababu unaitoa bidhaa nje. Nchi unayoingia nayo inaidai ya kwake, pengine pamoja na ushuru wa forodha, kwa sababu bidhaa itatumika huko. Anayehesabu marejesho tu bila ushuru anaweza kurudi akidhani amenunua kwa bei nafuu, kumbe amelipa zaidi ya bei aliyoikataa nyumbani.

Nchi zinazorudisha, na zisizorudisha

Usichukulie kwamba kila nchi inarudisha kodi. Uingereza ilifuta utaratibu wake kuanzia mwanzo wa 2021. Ukinunua mkoba London ukaondoka nao mwenyewe, hurudishiwi kitu. Kilichobaki ni duka kukutumia bidhaa moja kwa moja nje ya nchi bila VAT, kama lenyewe linakubali, na Ireland ya Kaskazini ambako mpango wa zamani unaendelea. Kanada ilifuta marejesho kwa wageni mwaka 2007. Marekani haina VAT kabisa. Kodi ya mauzo ya kule ni ya majimbo na miji, na kwa kawaida mtalii hairudishiwi. Hong Kong haitozi kodi ya aina hiyo, kwa hiyo hakuna cha kudai.

Umoja wa Ulaya ndiko wengi wanakodai. Anayestahili ni mtu ambaye makazi yake yako nje ya Umoja huo. Kinachoangaliwa ni makazi, si uraia: Mfaransa anayeishi Dubai anaweza kudai, mgeni anayeishi Paris kwa kibali cha ukaazi hawezi. Kila nchi mwanachama ina kiwango chake cha kodi na kima chake cha chini cha manunuzi. Ufaransa hutoza asilimia 20, na ununuzi lazima uzidi yuro 100. Ujerumani hutoza asilimia 19 na kima chake ni zaidi ya yuro 50. Italia hutoza asilimia 22, na tangu Februari 2024 kima kimeshuka hadi zaidi ya yuro 70, kutoka karibu yuro 155. Hispania, yenye asilimia 21, iliondoa kima cha chini mwaka 2018, hivyo hata fulana moja unaweza kuidai. Uswisi haimo kwenye Umoja: kodi yake ni asilimia 8.1 na kima cha chini ni faranga 300.

Kwingineko utaratibu una sura nyingine. Falme za Kiarabu hutoza asilimia 5 tu, ukianzia dirham 250. Singapore ni asilimia 9 tangu 2024, ukianzia dola 100 za huko. Thailand ni asilimia 7, ukianzia baht 2,000 katika duka moja kwa siku moja. Korea Kusini ni asilimia 10, na kima chake kilishushwa mwaka 2024 hadi won 15,000. Afrika Kusini ni asilimia 15, ukianzia randi 250. Australia ni asilimia 10, lakini manunuzi lazima yafike dola 300 za huko kwa mfanyabiashara mmoja na yafanywe ndani ya siku 60 kabla ya kuondoka. Australia ina upekee mwingine, kwamba hata raia wake anayesafiri anaruhusiwa kudai. Akirudi na bidhaa hizohizo, zinahesabiwa kwenye kikomo chake cha msamaha, yaani thamani ya bidhaa anazoruhusiwa kuingiza bila kulipa ushuru, ambacho ni dola 900 za Australia, na akizidi analipa tena. Hapo ndipo unaona waziwazi kwamba marejesho hutolewa kwa bidhaa inayotoka kweli.

Japani inahitaji aya yake kwa sababu mambo yanabadilika. Kwa miaka mingi mtalii ameonyesha pasipoti dukani, akanunua kuanzia yen 5,000, na asilimia 10 ikaondolewa papohapo. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2026 utalipa bei kamili pamoja na kodi, kisha urudishiwe baada ya forodha kuthibitisha unapoondoka kwamba bidhaa unazo. Miongozo mingi ya wasafiri iliyoandikwa kabla ya hapo itakupoteza.

Piga hesabu kabla ya kutoa kadi

Kosa la kwanza la hesabu ni kuchukua kiwango cha kodi na kukizidisha kwa bei ya dukani. Bei iliyobandikwa tayari ina kodi ndani yake. Saa ya yuro 1,200 Ufaransa haina kodi ya yuro 240. Bei halisi ni 1,000 na kodi ni 200, yaani sehemu moja kati ya sita ya ulicholipa. Kwa hiyo kodi ya asilimia 20 haiwezi kamwe kukurudishia zaidi ya asilimia 16.67 ya bei ya kibao.

Hata hiyo huipati yote. Maduka mengi hayashughuliki na marejesho yenyewe, bali huyakabidhi kwa kampuni za kati kama Global Blue na Planet, ambazo hukata ada yao. Ufaransa, maduka mengi hutangaza marejesho ya takriban asilimia 12 ya bei. Kwa saa yetu hiyo ni yuro 144. Ada huwa inaumiza zaidi kwenye manunuzi madogo, kwa hiyo kama una vitu vitano vya kununua na duka moja linaviuza vyote, vinunue hapo siku moja kwenye fomu moja. Kutawanya manunuzi madogo kwenye maduka matano ni njia ya uhakika ya kushindwa kufika kima cha chini kokote.

Sasa ongeza upande wa pili. Tuseme nchi unayoingia inatoza ushuru wa forodha wa asilimia 10 kwa saa na VAT ya asilimia 18, na msamaha wako umeshaisha kwa vitu vingine. Saa imekugharimu 1,056 baada ya marejesho. Ushuru ni 105.60. VAT haikokotolewi juu ya 1,056, bali juu ya jumla ya thamani na ushuru, yaani 1,161.60, na hiyo ni 209.09. Jumla ya ulichotoa ni karibu yuro 1,371. Kama saa ileile inauzwa kwenu kwa yuro 1,350 ikiwa na dhamana ya mtengenezaji, umeibeba bure. Viwango hivi ni vya mfano. Tafuta vya nchi yako kwenye tovuti ya mamlaka ya forodha, na ufanye hesabu hii kwenye simu ukiwa bado umesimama dukani.

Dukani: hapa ndipo dai linapojengwa

Uliza kabla ya kulipa, si baada. Swali ni fupi: je, duka hili linatoa fomu ya marejesho ya kodi kwa watalii? Duka halilazimiki kushiriki, na kibandiko cha mlangoni si hakikisho kwamba tawi hilo linatoa fomu. Ukiambiwa "tutakutumia baadaye kwa barua pepe", ningekushauri uweke bidhaa chini. Muuzaji aliyekwisha kupokea pesa yako hana haraka tena.

Beba pasipoti yenyewe. Baadhi ya maduka hukubali picha kwenye simu, mengi hayakubali, na Japani na Korea Kusini pasipoti ndiyo inayosomwa na mashine. Kwenye fomu hakikisha mambo haya kabla ya kuondoka kaunta: jina limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti haina tarakimu iliyorukwa, anwani ni ya nchi unayoishi, bidhaa zimeelezwa zinavyotambulika, na risiti halisi imeambatanishwa. Kosa la tarakimu moja hurekebishwa dukani kwa dakika mbili. Uwanja wa ndege haliwezi kurekebishwa, kwa sababu ofisa wa forodha haruhusiwi kubadili hati ya duka.

Kuna manunuzi ambayo kwa kawaida hayarudishiwi kodi: hoteli, chakula cha mgahawani, tiketi, kukodi gari, saluni. Hizo ni huduma ulizozitumia hukohuko. Marejesho ni ya bidhaa unazoondoka nazo. Ndiyo maana bidhaa inapaswa kuwa mpya. Ukivaa viatu vipya kwa wiki nzima kisha ukavipeleka forodhani vikiwa na vumbi, ofisa ana sababu ya kukataa.

Utaona pia vibanda mjini vinavyokupa pesa taslimu siku hiyohiyo, kabla hujaondoka. Ni huduma halali, ila soma unachotia saini. Wanachukua namba ya kadi yako kama dhamana. Fomu isipothibitishwa na forodha ndani ya siku walizoweka, wanakata kiasi chote walichokupa, mara nyingine pamoja na faini. Mwenye ratiba inayobadilikabadilika asiziguse.

Uwanja wa ndege wa kuondokea

Umoja wa Ulaya huhesabiwa kama eneo moja la forodha. Ukinunua Roma, ukapita Vienna, ukaondokea Amsterdam, mhuri wa forodha kwenye fomu unagongwa Amsterdam, yaani mahali pa mwisho unapotoka nje ya Umoja, hata kama fomu zote ni za Italia. Muda wako ni hadi mwisho wa mwezi wa tatu baada ya mwezi wa ununuzi: kilichonunuliwa tarehe 5 Machi lazima kiwe kimetoka kabla ya Juni kwisha.

Kinachowachanganya wengi ni begi linalopelekwa moja kwa moja hadi mwisho wa safari. Tuseme unaanzia Milan, unabadilisha ndege Frankfurt, kisha unatoka Ulaya. Ukiwa na bidhaa kwenye begi kubwa, Frankfurt hutaliona begi hilo. Kwa hiyo bidhaa zilizo kwenye begi la kukabidhi zinathibitishwa Milan, na zilizo kwenye begi la mkononi zinathibitishwa Frankfurt. Mwenye bidhaa kwenye mabegi yote mawili ana foleni mbili. Suluhisho langu ni kuweka vitu vyote vya thamani kwenye begi la mkononi, isipokuwa manukato na vimiminika vingine ambavyo ukaguzi wa usalama hautaviruhusu.

Mpangilio wa hatua uwanjani ndio unaowaangusha watu, kwa hiyo nitaueleza polepole. Fika angalau saa tatu na nusu kabla ya ndege. Msimu wa likizo ongeza nyingine. Nenda kaunta ya shirika la ndege, mwambie mhudumu kwamba begi lina bidhaa za marejesho ya kodi. Atakupa kadi ya kupandia ndege na kibandiko cha begi, kisha atakurudishia begi. Usiliache lipite kwenye mkanda. Lipeleke forodhani pamoja na fomu, risiti, pasipoti na kadi ya kupandia. Ofisa akishathibitisha, ndipo unalikabidhi pale utakapoelekezwa.

Viwanja vingi sasa vina mashine. Ufaransa mfumo unaitwa PABLO, Hispania unaitwa DIVA, Italia OTELLO. Unachagua lugha, unapitisha alama ya fomu kwenye kisomeo, na skrini inakujibu. Rangi ya kijani ina maana fomu imethibitishwa na hakuna mhuri wa karatasi utakaohitajika. Rangi nyekundu ina maana uende kwa ofisa ukiwa na bidhaa zenyewe. Nyekundu si tuhuma, mashine huchagua baadhi ya fomu kwa ukaguzi. Lakini ukiondoka kwenye nyekundu bila kumwona ofisa, fomu hiyo imekufa. Mashine ya nchi moja pia haisomi lazima fomu za nchi nyingine, hivyo fomu za Italia uwanja wa Paris zinaweza kukupeleka dirishani kwa mhuri wa kawaida.

Piga picha kila fomu baada ya kuthibitishwa, pande zote mbili. Picha hiyo ndiyo ushahidi wako kama bahasha itapotea njiani.

Pesa taslimu au kadi?

Baada ya forodha, fuata kampuni iliyoandikwa kwenye fomu. Forodha haitoi pesa. Inathibitisha tu kwamba bidhaa imetoka. Hapa unachagua.

Pesa taslimu hulipwa papohapo, na unazilipia urahisi huo. Hukatwa ada kwa kila fomu, na ukichagua sarafu isiyo ya nchi hiyo, kiwango cha kubadilisha kwa kawaida ni kibaya. Foleni nayo ina urefu wake. Kadi huchukua wiki kadhaa, lakini kiasi huwa kikubwa zaidi. Mashine au karani akikuuliza kama unataka urudishiwe kwa sarafu ya nyumbani kwako, kataa, chagua sarafu ya nchi uliyonunulia na uiachie benki yako kazi ya kubadilisha. Uhakikishe tu kwamba kadi hiyo haitaisha muda wake ndani ya miezi michache, maana marejesho yakirudi kwenye kadi iliyofutwa yanazua mawasiliano marefu.

Fomu za karatasi zilizogongwa mhuri zitie kwenye bahasha ya kampuni husika na uziweke kwenye sanduku lao kabla ya kupita. Fomu za kampuni mbili tofauti hazichanganywi bahasha moja.

Maduka ya uwanjani ni jambo jingine

Maduka yasiyotoza ushuru yaliyo ndani ya viwanja vya ndege, ambayo la kwanza lilikuwa lile la Shannon, Ireland, mwaka 1947, hayahusiani na fomu zako. Bei ya pale tayari imeondolewa kodi na ushuru wa nchi unayoondoka. Wengi hudhani kwamba kilichonunuliwa pale kinapita bure popote. Hapana. Chupa ile ya yuro 90 uliyofungiwa kwenye mfuko wenye lakiri inaingia kwenye hesabu ya kikomo chako unapotua, sawa na kitu kingine chochote. Na tofauti ya bei si lazima iwe kubwa. Tumbaku na pombe kali zina ushuru mkubwa wa bidhaa, hivyo nafuu huonekana. Kwenye chokoleti, miwani na vifaa vya umeme, linganisha kwanza.

Unapotua: kijani au nyekundu

Baada ya kuchukua mabegi, katika viwanja vingi utakuta njia mbili: ya kijani kwa asiye na cha kutangaza, na nyekundu kwa aliye nacho. Kupita ya kijani ni tamko la kisheria, hata kama hukufungua mdomo: umesema huna kitu kinachozidi kikomo wala kilichozuiwa. Anayekamatwa hapo na saa ya yuro 1,200 hawezi kusema alikuwa njiani kwenda kuuliza. Anayeingia nyekundu akiwa na saa ileile analipa ushuru na kuondoka.

Vikomo vya msamaha vinatofautiana sana. Anayeingia Umoja wa Ulaya kwa ndege au meli anaruhusiwa bidhaa za yuro 430, na yuro 300 akija kwa nchi kavu. Uingereza ni pauni 390. Uswisi ilipunguza kikomo chake kutoka faranga 300 hadi 150 kuanzia Januari 2025. Japani ni yen 200,000. Mkazi wa Marekani anayerudi kwa kawaida anaruhusiwa dola 800, mradi awe amekaa nje angalau saa 48 na hakuutumia msamaha huo ndani ya siku 30 zilizopita. Pombe na sigara huwa na vikomo vyake vya kiasi. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, ni sigara 200 na lita moja ya pombe kali kwa mtu mzima anayeingia kwa ndege.

Kanuni tatu huwashangaza watu. Kwanza, zawadi zinahesabiwa. Haijalishi kwamba manukato ni ya shangazi. Wewe ndiye uliyeyaingiza. Pili, kitu kimoja hakigawanyiki. Umoja wa Ulaya na Uingereza, mke na mume hawawezi kuunganisha misamaha yao ili kamera moja ya yuro 800 ipite, na ikizidi kikomo, ushuru hutozwa juu ya thamani yake yote, si juu ya ziada tu. Tatu, msamaha ni wa matumizi binafsi. Simu sita za aina moja ndani ya maboksi ni biashara machoni pa ofisa, hata kama jumla ya bei iko chini ya kikomo.

Ofisa anakokotoa nini

Ushuru unategemea mambo mawili: thamani ya bidhaa na kundi lake. Makundi yanatokana na mfumo wa uainishaji wa Shirika la Forodha Duniani, unaotumika tangu 1988, ambao hukipa kila kitu namba ya tarakimu sita. Nchi huongeza tarakimu zake mwishoni na kupanga kiwango. Ndiyo maana kompyuta mpakato inaweza kuingia kwa ushuru sifuri huku koti la ngozi la bei ileile likitozwa sana. Kabla ya safari, tafuta viwango vya vitu viwili au vitatu unavyopanga kununua. Vingine havitakupa nafuu hata kidogo.

Kuhusu thamani, kuna haki ambayo wasafiri wachache wanaidai. Kifungu cha VII cha mkataba wa GATT, unaosimamiwa na Shirika la Biashara Duniani, kinasema kwamba thamani ya forodha isijumuishe kodi ya ndani ya nchi ilikotoka bidhaa kama kodi hiyo imerejeshwa au itarejeshwa. Kwa lugha ya kaunta: ukiwa na risiti ya 1,200 na fomu iliyothibitishwa ya marejesho ya 144, mwombe ofisa aanzie 1,056. Watu huficha fomu za marejesho wakidhani zitawaumbua, kumbe ndiyo karatasi inayopunguza mzigo. Toa risiti, fomu na, kama ulilipa kwa kadi, taarifa ya benki inayoonyesha kiasi.

Asiye na risiti hukadiriwa. Ofisa hufungua mtandao, anatafuta bidhaa inayofanana, na mara nyingi bei anayoikuta ni ya dukani, si ya punguzo ulilolipata. Kuhusu risiti za bei ya uongo ambazo wauzaji wengine hujitolea kuandika, zikatae. Maofisa wanazijua, na unapogundulika suala linatoka kwenye ushuru na kuingia kwenye udanganyifu: bidhaa hutaifishwa, faini hufuata, na jina lako linabaki kwenye mfumo kwa safari zijazo.

Vitu ambavyo hata ukilipa havipiti

Ushuru hausafishi kila kitu. Mkataba wa CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975, unadhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Pembe za ndovu, magamba ya kasa, mikanda ya ngozi ya baadhi ya mamba na chatu, matumbawe, na baadhi ya okidi vinahitaji kibali au vimezuiwa kabisa. Muuzaji wa sokoni akisema "hakuna shida, watalii wote wananunua", hiyo si hati. Nyama na bidhaa za maziwa haziruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya mkononi mwa msafiri kutoka nchi nyingi za nje. Bidhaa bandia zinaweza kutaifishwa hata kama ulizinunua ukijua ni bandia. Pesa taslimu nazo hutolewa tamko: kuingia au kutoka Umoja wa Ulaya ukiwa na yuro 10,000 au zaidi, au kuingia Marekani na zaidi ya dola 10,000. Hutozwi kodi kwa kutangaza, ila ukinyamaza zinaweza kuzuiwa.

Vitu ulivyotoka navyo nyumbani

Kamera ya bei kubwa uliyoinunua mwaka jana kwenu inaweza kukugharimu mara ya pili kama inaonekana mpya na huna uthibitisho. Kabla ya kuondoka, nenda ofisi ya forodha uwanjani ukiwa na kifaa chenyewe na uombe kisajiliwe kwa namba yake ya utambulisho. Marekani ina fomu maalumu ya kazi hiyo, namba 4457, na nchi nyingi zina hati ya namna hiyo. Penye foleni ndefu, picha ya risiti ya zamani na namba ya utambulisho kwenye simu ni bora kuliko kubishana mikono mitupu.

Na ukishalipa ushuru wa kitu ulichoingiza, hakikisha stakabadhi ya malipo inataja kitu chenyewe na namba yake, si neno "saa" tu. Iweke pamoja na pasipoti. Utakapotoka tena na saa hiyo mkononi, stakabadhi hiyo ndiyo utakayomwonyesha ofisa akikuuliza umeinunua wapi.